Ncha ya ekzosi ya titaniamu: Isome kabla ya kuiosha, na usiiparuze

KIJANA mmoja jirani yangu hapa Nairobi alilipeleka gari lake kuoshwa Jumamosi moja asubuhi. Liliporejea likimeremeta, nusura aangue kilio. Ncha mbili za ekzosi alizozinunua kwa fedha za kudunduiza, zilizokuwa na rangi ya buluu iliyofifia taratibu ikawa zambarau na kuishia dhahabu, sasa zilikuwa nyeupe kama sufuria mpya. Mwoshaji, kijana wa rika lake, alikuwa amesimama kando, bado ameshika waya wa kusugulia vyombo. “Kaka, zilikuwa zimejaa masizi, nami nikazitakatisha,” alijitetea. Mwenye gari akashikilia kwamba ametiwa hasara ya titaniamu na kwamba aliyesugua ndiye atakayelipa.

Kesi hiyo ililetwa mlangoni kwangu, si kwa kuwa mimi ni makanika, bali kwa sababu ya mvi zangu na miaka mingi ya kuhangaika na magari yaliyotumika. Ili kuiamua ilibidi kwanza tuelewane kuhusu jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui, yaani kile walichokinunua hasa, na ile rangi wanayoipenda hutoka wapi.

Ncha ya ekzosi ni kile kipande cha mwisho cha bomba la moshi kinachochungulia chini ya bampa. Kazi yake halisi ni ndogo. Huutoa moshi nje kabisa ya gari ili usinaswe chini ya buti, na hulipa bomba mwisho unaovutia. Haiongezi nguvu za injini, wala haibadilishi sana mlio wa gari, kwa maana mlio huamuliwa na kile kifuko cha kuzuia kelele kilicho katikati au nyuma ya bomba. Anayekuuzia ncha akikuahidi nguvu za farasi zaidi, mwache aende zake.

Titaniamu nayo si ngeni kwa Wakenya. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, mchanga wa Kwale ulichimbwa kwa ajili ya madini yenye titaniamu, yaani ilmenaiti na rutaili, pamoja na zirkoni. Kampuni ya Base Titanium ilianza uzalishaji mwaka wa 2013, ikasafirisha shehena zake kupitia Likoni, na shughuli ya uchimbaji ikafikia kikomo mnamo Desemba 2024. Hata hivyo, sehemu kubwa mno ya madini hayo ulimwenguni, zaidi ya asilimia 90, haigeuzwi kuwa chuma. Hutumiwa kutengeneza ule unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Yamkini ukuta wa sebule yako una titaniamu nyingi kuliko gari lolote mtaani mwenu.

Kuitoa titaniamu katika madini yake ikawa chuma ni kazi ya jasho. Mwingereza William Gregor aliigundua mwaka wa 1791, na Mjerumani Martin Heinrich Klaproth akaipa jina mwaka wa 1795 kwa kukumbuka majitu ya hekaya za Wayunani. Lakini njia ya kuizalisha kwa wingi haikupatikana hadi karne ya 20, pale William Kroll wa Luxembourg alipobuni mbinu ya kuitenganisha kwa kutumia magnesiamu. Mbinu hiyo ingali inatumika, nayo ni ya polepole na hula nishati nyingi. Ndiyo maana chuma hiki ni ghali, na ndiyo maana kwa muda mrefu kilikuwa mali ya ndege na maroketi. Gari la Marekani aina ya Chevrolet Corvette Z06 la mwaka wa 2001 ndilo lililoleta ekzosi ya titaniamu katika magari yanayoundwa kwa wingi viwandani. Kwa upande wa vipuri vya kuongezea, Wajapani kama HKS na Tomei, na kampuni ya Akrapovič ya Slovenia iliyoanzia kwenye pikipiki, ndio walioifanya itamaniwe na vijana wa Subaru na Nissan.

Sifa zake zinastahili bei hiyo. Uzito wake ni gramu 4.5 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali chuma cha kawaida hukaribia gramu 8. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,668 za Selsiasi. Na maji ya bahari, adui mkubwa wa magari ya Mombasa na Malindi, hayaidhuru kamwe.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Buluu na zambarau ya titaniamu si rangi iliyopakwa. Hakuna wino wala unga wowote juu ya chuma hicho. Titaniamu ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi, mwembamba na wazi kama kioo. Utando huo ndio unaoikinga dhidi ya kutu. Chuma kikipashwa moto, utando hunenepa, na unene wake ukifika makumi ya nanomita, mwanga huanza kucheza nao. Sehemu ya mwanga huakisiwa na uso wa juu wa utando, na sehemu nyingine hupenya, ikaakisiwa na chuma kilicho chini yake. Miale hiyo miwili ikikutana tena, rangi fulani huzimana na nyingine huimarishana. Umewahi kuona mafuta ya gari yakitanda juu ya dimbwi la maji yakitoa rangi za upinde wa mvua? Ni jambo lilo hilo.

Kwa hivyo rangi huonyesha unene wa utando. Kwenye nyuzijoto 400 hivi titaniamu hupata manjano ya dhahabu. Joto likizidi huja zambarau, kisha buluu, na likipita 600 au zaidi chuma hufifia kikawa kijivu kisichopendeza. Viwandani mafundi huitengeneza rangi hiyo kwa mwale wa gesi, wakiusogeza taratibu kutoka ukingoni kwenda ndani, ama kwa kuichovya ncha katika maji yenye kemikali na kupitisha umeme. Kwa njia ya pili, volti ndizo huamua rangi, na volti 30 hivi hutoa buluu hafifu.

Utando wa makumi ya nanomita ni kitu chembamba kupita kiasi. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukichukua waya wa vyombo, au jivu na mchanga kama tulivyozoea kutakatisha masufuria kule nyumbani, unaumaliza utando huo kwa mikono michache tu. Chuma hakitadhurika, kwani kitajivika utando mpya mwembamba mara moja, lakini rangi itakuwa imekwenda.

Wengi hujipa moyo kwamba rangi itajirudia gari likiendeshwa. Hapana. Moshi hutoka kwenye injini ukiwa na joto la mamia ya nyuzi, lakini husafiri mita kadhaa chini ya gari, ukipita vichujio na kifuko cha kelele, na katika mwendo wa kawaida hufika nchani ukiwa umepoa mno kuweza kuipika titaniamu. Bomba lililo karibu na injini laweza kubadilika rangi lenyewe, ila ncha yako haitabadilika kwa safari za kwenda kazini na kurudi. Njia pekee ya kuirejesha ni kumpelekea fundi anayejua kuichoma au kuipitishia umeme upya.

Hayo yote ni kweli ikiwa ncha ni ya titaniamu. Nilipofika hapa katika maelezo yangu, nilimwomba binti yangu aniletee sumaku inayoshikilia karatasi mlangoni mwa jokofu. Niliigusisha kwenye ncha mojawapo ya jirani yangu. Ikang'ang'ania pale pale kama kupe.

Titaniamu haivutwi na sumaku. Basi ile ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa juu kwa namna fulani ili kifanane na titaniamu. Kijana aliinama, akaibandua sumaku na kuijaribu mwenyewe kwenye ncha ya pili. Hakusema neno.

Ni vyema msomaji ajue kwamba jaribio la sumaku hukanusha tu, halithibitishi. Stenlesi nyingi inayotumiwa kutengeneza ncha, ile ya daraja la 304, nayo haivutwi na sumaku ilhali si titaniamu. Tena stenlesi ikichomwa kwa mwale hutoa dhahabu na buluu inayoshabihiana sana na ya titaniamu, na wauzaji wengine huiita “titaniamu” bila haya, wakimaanisha rangi. Uzito husaidia. Ncha ya titaniamu ukiishika mkononi hukushangaza kwa wepesi wake, karibu nusu ya ile ya stenlesi yenye umbo na unene sawa. Ukiwa dukani, mathalani kule Barabara ya Kirinyaga, omba upewe zote mbili uzishike. Kwa wakazi wa Pwani, chumvi ya hewani hutoa hukumu yake baada ya miezi michache. Ikiwa ncha yako ina vidoa vyekundu vya kutu vilivyochimbika ndani, hiyo si titaniamu. Stenlesi iliyochomwa ili kupata buluu ndiyo hupatwa zaidi, kwa kuwa joto huipunguzia uso wake kromiamu inayoikinga.

Kabla hujamwaga maji, itazame ncha yako. Masizi unayotaka kuyafuta ni barua kutoka kwa injini, na mwoshaji huichana kila wiki kabla hujaisoma. Pitisha kidole ndani ya ncha iliyopoa kabisa. Ukipata unga mkavu wa kijivu au kahawia hafifu, hali ni njema. Unga mkavu mweusi tititi na mwingi huashiria kwamba petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Chanzo chaweza kuwa kichujio cha hewa kilichoziba, plagi zilizochoka, au kihisi cha oksijeni kilichokufa, na wewe unalipia mafuta yanayotoka nyuma kama masizi. Hata hivyo, usiharakishe kumlaumu fundi wako ikiwa gari lako ni la miaka ya karibuni na hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini za aina hiyo hutoa masizi zaidi kwa maumbile yake.

Masizi yakiwa na utelezi, yakakupaka kidole kama grisi, injini inakula oili. Moshi wa kibuluu unapoondoka asubuhi utakuthibitishia hayo. Mvuke mweupe mzito usiokoma hata baada ya injini kupata moto, wenye harufu tamutamu, ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda, na hapo usisubiri Jumamosi nyingine. Lakini matone ya maji safi yanayodondoka asubuhi ni ya kawaida. Kila lita ya petroli inayochomwa hutoa takriban lita nzima ya maji, na bomba likiwa baridi mvuke hugeuka matone.

Kwa magari ya dizeli yenye kichujio cha masizi, kanuni ni kali zaidi. Ncha yake inapasa kuwa safi karibu kama kijiko. Ikiwa umenunua gari la aina hiyo lililotumika na kidole kinatoka cheusi, huenda kichujio kimepasuka, au mtu alikwisha kukitoboa na kukitupa.

Ukishaisoma, sasa unaweza kuosha. Gari liwe limezimwa na ncha imepoa kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu. Maji baridi juu ya chuma cha moto huacha madoa, sembuse hatari ya kuungua. Anza kwa kuimwagia maji mengi ili mchanga na vumbi viondoke, maana kitambaa laini kilichobeba mchanga hakina tofauti na msasa. Kisha chukua maji ya vuguvugu yenye sabuni isiyo kali, ile ya kuoshea gari au ya maji ya vyombo, na kitambaa cha maikrofaiba. Tenga kitambaa kwa ajili ya ncha pekee. Masizi yakiingia katika kitambaa cha kufutia bodi, utayasambaza juu ya rangi ya gari zima. Ikiwa uso wa ncha una mistari midogo ya kiwandani, futa kwa kufuata mistari hiyo. Penye weldi, tumia mswaki laini uliochakaa.

Masizi yaliyoganda ndani hayataki nguvu bali subira. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kiweke ndani ya ncha kwa dakika kumi hivi, kisha futa na uoshe tena kwa sabuni hadi harufu iishe kabisa. Kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na sigara na jiko. Mwisho, kausha, halafu pitisha kitambaa kisafi chenye alkoholi ya isopropili. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, nayo ndiyo yenye manufaa makubwa, kwa kuwa mafuta ya vidole vyetu yakipata joto huokwa juu ya titaniamu yakaacha alama za kudumu za vidole. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa ekzosi hushauri bomba jipya lifutwe kabla ya injini kuwashwa mara ya kwanza. Usipake nta ya gari juu yake ukidhani unailinda. Itayeyuka na kuacha doa.

Krimu za kung'arisha chuma zina unga wa kusugua ndani yake. Kwa ncha ya titaniamu ya kijivu isiyotiwa rangi, unaweza kuitumia kwa nadra na kwa wepesi. Kwa ile yenye buluu, isikaribishwe. Waya wa vyombo una kosa la pili pia: huacha chembechembe zake za chuma juu ya uso, zikashika kutu, nawe ukadhani titaniamu imeoza.

Kuna kemikali moja ambayo ningependa iogopwe kuliko zote. Baadhi ya dawa kali za kusafishia rimu huwa na asidi ya hidrofloriki au chumvi zake. Titaniamu inayostahimili bahari haistahimili asidi hiyo. Hula utando, ikala na chuma chenyewe. Hilo ni dogo likilinganishwa na inachomfanyia mtu. Asidi hiyo hupenya ngozi pengine bila uchungu mwanzoni, ikaingia ndani na kunyakua kalisiamu ya mwili. Maumivu huweza kuja saa kadhaa baadaye, na moyo huweza kudhurika. Vijana wanaoosha magari yetu aghalabu hufanya kazi kwa mikono mitupu, wakipewa dawa ndani ya chupa ya soda isiyo na karatasi ya maelezo. Mwenye gari au mwenye karakana asikubali dawa isiyojulikana imeundwa kwa nini. Anayemwagikiwa na aoshe kwa maji mengi papo hapo na apelekwe hospitalini akiwa na chupa yenyewe, hata kama hasikii maumivu.

Kisha inama utazame mahali ncha inapoungana na bomba. Titaniamu yaweza kudumu kuliko gari lenyewe, lakini bomba la chuma cha kawaida lililo nyuma yake halitadumu. Vyuma viwili tofauti vikigusana penye maji ya chumvi, kilicho dhaifu huliwa upesi, na hapa kitakacholiwa ni bomba lako. Tikisa ncha kwa mkono. Ikicheza, kaza kibano chake. Tazama mipira inayoning'iniza ekzosi kama imepasuka. Alama nyeusi za masizi nje ya kiungo humaanisha moshi unavuja hapo, na tundu likiwa chini ya buti, moshi huo hupata njia ya kuingia ndani ya gari. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huwalaza abiria usingizi usio na kuamka. Maumivu ya kichwa ndani ya gari yanayotulia ukishuka ni onyo tosha.

Ncha za jirani yangu zilikuwa zimeshikizwa kwa skrubu moja kila upande, na ya kushoto ilikwisha kulegea. Alizing'oa siku hiyo hiyo, Jumatatu akazirejesha dukani akiwa na sumaku yangu mfukoni. Sumaku bado hajanirudishia. Mwoshaji alilipwa ujira wake wa Jumamosi, pamoja na pesa za maikrofaiba mbili.